Mtoro Hana Jina, Mashabiki Anao

Simulia habari za Albert Johnson hosteli usiku, uone atakavyopata mashabiki. Jamaa alikuwa akiishi peke yake kando ya mto Rat, kaskazini kabisa mwa Kanada. Desemba 1931 wawindaji wenyeji wakamlalamikia kwa polisi, ati anaharibu mitego yao. Polisi wakaja kumhoji, hakufungua. Waliporudi na hati ya upekuzi, akampiga mmoja risasi kupitia mlango. Kibanda kikalipuliwa kwa baruti, yeye akaendelea kufyatua. Baadaye akavuka milima ya Richardson kwenye theluji, ndege ikimsaka kutoka juu, hadi alipouawa Februari 17, 1932. Mwili ulifukuliwa 2007 kupimwa DNA, na bado jina lake halisi halijapatikana.

Stori tamu, sikatai. Na sisi wanachuo, kwa jinsi tunavyowajua polisi wetu, anayewakimbia tunamshangilia kabla hatujauliza kafanya nini.

Lakini wale wenye mitego je? Kule ngozi ya mnyama ndiyo ilikuwa pesa ya unga na risasi. Mtego ukiharibiwa, nyumbani kunalala njaa. Hawakujichukulia sheria mkononi, walikwenda kushtaki. Leo nani anawataja? Hata konstebo Edgar Millen, aliyeuawa na Johnson Januari 30, ana jina kamili na hana mashabiki.

Utaniambia tuhuma ya mitego haikuthibitishwa kamwe. Kweli kabisa. Basi si angefungua mlango akasema hivyo?