Rejaf Kuna Makaburi, Hakuna Mizuka

  

 Kuna maneno yameenea hapa Juba hadi watoto wa madrasa wanayahifadhi kama somo. Wanasema kule Rejaf, kusini ya mji kando ya Mto Nile, mlima hunguruma usiku. Kwamba askari waliouawa zamani huonekana wakitembea na mikuki yao. Na kwamba mtu akipita hapo baada ya Magharibi "hushikwa". Ingekuwa ni hadithi ya kusubiria chakula kiive tungeliinyamazia. Lakini wapo wanaokula kwa hadithi hii, na wapo watoto wanaoumia kwayo.

Tuanze na huo mngurumo. Anayejua Kiarabu kidogo atatambua kuwa jina Rejaf linatokana na neno la kutetemeka, neno lile lile Qur'ani inalolitumia kwa tetemeko lililowaangamiza Thamud (Suratul A'raf, aya ya 78). Wasafiri wa karne ya 19 waliuandika mlima huo pia kwa jina la Logwek. Ardhi ya huku inatetemeka kweli, kwa kuwa iko karibu na nyufa za Bonde la Ufa. Tarehe 20 Mei 1990 lilipiga tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile, na siku nne baadaye ardhi ikatikisika tena kwa nguvu. Sasa mlima ukinguruma, kuna haja gani ya kumtafuta mzuka?

Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim siku ambayo jua lilipatwa, watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Aliwakataza hapo hapo, naye yumo katika huzuni yake! Akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, mlima utikisike kwa ajili ya askari gani?

Tuje kwa hao askari wenyewe. Waarabu wa Jahiliya waliamini kuwa mtu akiuawa bila kulipiziwa kisasi, roho yake hugeuka ndege, aina ya bundi, akalia juu ya kaburi akitaka anyweshwe damu. Waliliita jambo hilo haama, na Mtume (S.A.W.) akalikanusha kwa jina. Katika mapokezi ya Muslim amekanusha vile vile ghuul, lile zimwi lililodaiwa kuwapoteza wasafiri jangwani. Tazameni basi: kisa cha Rejaf ni haama ile ile, imevuliwa manyoya ikavishwa kanzu ya askari. Mwenye kufa yuko barzakh, na Suratul Mu'minun, aya ya 99 na 100, inaeleza wazi kuwa anayeomba kurudishwa duniani harudishwi. Hakupewa ruhusa ya kurudi kutenda mema, atapewa ya kurudi kuwatisha wauza mkaa?

Na waliokufa pale ni watu wenye historia. Rejaf ilikuwa kituo cha askari katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Mwaka 1888 wafuasi wa Mahdi chini ya Umar Salih wakaiteka. Tarehe 17 Februari 1897 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na Chaltin na likiwa na wapiganaji wa Kiazande, likawashinda Wamahdi na kuchukua mahali hapo. Kabla ya yote hayo, ng'ambo ya mto, Gondokoro ilijulikana kwa biashara ya pembe na watumwa. Askari waliobaki wa Emin walikusanywa na Lugard mwaka 1891 wakapelekwa Uganda, na kizazi chao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Enyi ndugu zetu wa Kibera mnaotusoma, hao mnaoambiwa ni mizuka ni babu zenu na jamaa za babu zenu!

Hili ndilo linalotuchoma zaidi. Maiti ana haki juu yetu: tumuombee, tusikanyage kaburi lake, tusivunje mfupa wake. Mzuka hana haki yoyote, hukimbiwa tu. Ndio maana ni rahisi kuwageuza Waislamu waliokufa kuwa mizuka, tukapata kisingizio cha kutowauliza walikuwa nani. Kwenye pwani ya Kenya ilitokea hivyo hivyo Gede, karibu na Malindi. Mji wa Waislamu wenye msikiti mkubwa, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria (1399), leo wengi wanautaja kwa mapepo. Mtoto atakwambia kuna majini, umuulize kibla cha msikiti ule kiko wapi, hana habari.

Hapa atainuka kijana aliyesoma na kutuambia majini nayo ni uzushi. La, hatuendi huko. Majini ni viumbe wa Allah, ina sura yao katika Qur'ani. Lakini sura hiyo hiyo, aya ya 6, inawalaumu watu waliokuwa wakijikinga kwa majini wa mabonde, wakazidi kupotea. Badala ya hayo tulifundishwa dua fupi ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, kwa kila anayetua mahali. Mtoto wa miaka sita huihifadhi kwa siku moja, na haina malipo.

Malipo yako kwa huyu anayeitwa faki. Tulikuwa na mwanafunzi aliyeanza kuanguka, povu mdomoni, macho yamegeuka. Baba yake akaambiwa ameshikwa na askari wa Rejaf, kwa kuwa familia ilikuwa ikichota maji upande ule. Kombe likanywewa, hirizi mbili zikafungwa, mbuzi akachinjwa, mmoja, kisha wa pili. Miezi minane! Siku moja akaangukia motoni, na mkono wa kulia hadi leo haukunjuki. Ndipo akapelekwa kwa daktari, akapewa vidonge vya kifafa, na kuanguka kukapungua sana.

Wataalamu wamekwisha kueleza kwamba kifafa kinaonekana zaidi penye usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Huko Maridi wameufuatilia kwa miaka. Kwa hiyo wazee waliosema mtoni kuna madhara hawakukosea. Madhara yana mbawa, na yana dawa.

Tunawaambia pia baadhi ya walimu wenzetu: acheni kuwatisha watoto kwa Rejaf ili waje swala ya Isha. Mtoto anayekuja msikitini kwa kumuogopa mzuka anamswalia nani? Hapo Jebel Kujur, mlima wenye jina la mganga, akina mama wanaponda kokoto kutwa nzima ili walipe karo. Waulizeni wanaogopa nini. Watakutajieni jua, nyundo, na bei ya unga.

Na wale walio na majina ya babu waliobaki Rejaf, hata jina moja, watuletee. Tutayasoma kwa dua madrasani, watoto wakiwepo. Wallahu aalam.