Aliyepiga Bomu Ndiye Asafishe



Sisi wa reli hatuondoi bendera nyekundu mpaka njia ikaguliwe na kila chombo kitolewe. Uwanja wa shabaha nao wataka sheria hiyo.

Huko Archer's Post na Dol Dol askari wa Uingereza walifanya mazoezi miaka mingi, na mabomu yasiyolipuka yakabaki malishoni. Wachungaji, hata watoto, waliyaokota; wengine wakafa, wengine wakakatika viungo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Lakini fedha haioteshi mkono.

Kumwonya mtoto asiguse chuma ni vema. Lakini wajibu wa kwanza ni wa jeshi: liweke alama, liwaarifu wenyeji, likague na kuharibu yaliyobaki, ndipo bendera ishushwe. Tudai hivyo.