Mgonjwa wa rovu si mvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua baadhi yetu huku vijijini, nalo ni watu kuitwa wavivu hali wanaumwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2019 nilifanyiwa operesheni ya rovu, na sehemu kubwa ya tezi ya shingo ikaondolewa. Tangu hapo nameza kidonge cha levothairoksini kila alfajiri, na nitakimeza maisha yangu yote, kwa kuwa tezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza homoni ya kuupa mwili joto na nguvu. Uvimbe umekwisha na kovu limepona, lakini uchovu haujaondoka. Saa nne asubuhi, kabla watoto hawajaenda kunywa uji, miguu imekwisha kuwa mizito kama niliyelima tangu jana.

Basi maneno ni mengi. Wenzangu husema ugonjwa uliotibiwa umekwisha, kwa hiyo sasa nakwepa zamu. Kiongozi mmoja wa elimu aliniuliza mbele ya walimu kama nimeajiriwa kufundisha ama kulala. Hivi kweli, Ndugu Mhariri, aliyevunjika mguu akifungwa plasta huambiwa akimbie siku hiyo hiyo?

Kidonge hiki kina masharti yake. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu angoje nusu saa hadi saa moja ndipo anywe chai. Kahawa, maziwa na dawa za kiungulia hukipunguzia nguvu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama kliniki navyo vipishane nacho kwa saa nne, na mjamzito mara nyingi huhitaji kuongezewa dozi. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Aidha, wapo wagonjwa ambao kipimo huonyesha homoni iko sawa na bado wanachoka. Hapo daktari hutakiwa kutafuta sababu nyingine: upungufu wa damu au wa vitamini, kisukari, malaria, kukosa usingizi, hata sonona.

Haya ni maelezo ya dakika tano tu, lakini wengi wetu tulitoka dirishani na bahasha iliyoandikwa 1x1, basi. Nami niliyapata kwa daktari mmoja wa mjini aliyekuwa na subira ya kuulizwa. Je, bibi yangu asiyejua kusoma angemwuliza nani?

Kwetu Nyanda za Juu Kusini rovu si jambo geni. Ardhi ya milimani ina upungufu wa madini joto, na katika miaka ya 1990 Serikali iliagiza chumvi iwekewe madini hayo. Tunashukuru, ingawa katika mnada wetu chumvi ya magunia isiyo na madini bado inauzwa mchana kweupe. Lakini chumvi haimrudishii nguvu aliyekwisha kukatwa tezi. Huyo anahitaji kidonge kisichokatika na kipimo kilicho karibu. Mimi kipimo nakifuata mjini, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na vipindi vyangu hubaki bila mwalimu. Kwa nini damu isichukuliwe hapa wilayani ikasafiri chupa badala ya mgonjwa? Sisi walimu tunakatwa mchango wa bima ya afya kila mwezi.

Naiomba Wizara ya Afya iliangalie hilo, na waganga wa zahanati waelekezwe kumweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa hii. Na viongozi wetu wa elimu wakiletewa barua ya daktari, waisome kwanza kabla ya kuandika karipio.

Mwalimu wa Kijijini,
Nyanda za Juu Kusini.