Yoga ya Kitini Si Nusu Yoga

Muumini mgonjwa anayeswali akiwa ameketi kitini haambiwi kwamba swala yake ni nusu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akiulizia yoga, huweza kuambiwa asubiri hadi apone, kana kwamba mazoezi hayo yaliumbwa kwa ajili ya vijana wa pichani ambao miguu yao hufika nyuma ya shingo. Ushauri huo una madhara. Mwenye maumivu sugu, yaani yanayodumu kwa zaidi ya miezi 3, akiogopa kujongea, misuli hunywea, viungo hukakamaa, na hata kazi ndogo za nyumbani humshinda.

Kiti hakikuingia katika yoga kwa mlango wa nyuma. B. K. S. Iyengar wa Pune, India (1918–2014), ambaye utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao ili mkao uufuate mwili. Mmarekani Matthew Sanford alipooza kuanzia kifuani kwenda chini katika ajali ya gari mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 13. Baadaye akawa mwalimu wa yoga.

Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha watu wazima 228 nchini humo uliona kwamba yoga na mazoezi ya kawaida ya kunyoosha misuli yalisaidia karibu sawa. Wapenzi wa yoga huenda wasifurahie matokeo hayo, lakini kwa mwenye ulemavu ni habari njema: yanadokeza kwamba umbo la mkao halina muujiza, hivyo kulibadilisha hakumpunguzii mgonjwa kitu.

Kubadilisha huko hakuhitaji gharama. Kiti imara kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani. Khanga iliyokunjwa ipitishwe chini ya wayo badala ya mkanda. Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki kwanza, na asiyehisi miguu akaguliwe ngozi baada ya zoezi, kwani kidonda cha mgandamizo huanza bila maumivu. Mwenye mifupa dhaifu asijikunje sana kwenda mbele. Mwenye glakoma asiinamishe kichwa chini ya moyo. Dawa ziendelee kama daktari alivyoagiza.

Maumivu yanayochoma, yanayoshuka mguuni au kuleta ganzi ni amri ya kuacha. Mvuto wa misuli unaotulia kabla ya kesho yake si adui. Mgonjwa afundishwe tofauti hiyo siku ya kwanza, kabla ya mkao wowote.