Anzeni na drili, grenda iacheni dukani

UE imeisha, watu wanafunga mabegi, na chumbani kwetu mjadala ni mmoja tu: nani atanunua mashine gani akifika Tunduma. Bumu limebaki kidogo, nyumbani kuna mapazia ya kutundika na shelfu za kufunga, basi kila mtu amekuwa fundi ghafla. Kujifanyia kazi zako ni jambo zuri, sipingi. Ninachopinga ni hizo mashine mnazozitaja.

Kwanza, hili suala la grenda. Sijui nani aliwaambia kwamba anayejifunza huanza na grenda. Eti bei poa na inakata kila kitu! Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Pigeni hesabu, si mmesoma? Ukingo wa diski unakwenda zaidi ya kilometa 230 kwa saa. Hakuna basi la Mbeya–Tunduma lenye mwendo huo, hata dereva awe kichaa. Halafu mtu anang'oa kinga yake, anafunga diski ya meno ya kukatia mbao, kavaa ndala, macho wazi. Meno yakinasa kwenye mbao, mashine inaruka, na aliye karibu ni wewe. Jicho halina spea, jamani. Una chuma cha kukata? Mpelekee fundi wa kuchomelea. Ana grenda na ana uzoefu.

Pili, wati. Muuzaji anakwambia, "Kaka, chukua hii ya wati 1,200, hiyo ya 600 ya kitoto." Wati zilizoandikwa ubavuni ni umeme ambao mashine inakula. LUKU yako itazihisi, lakini hazikuambii biti inapata nguvu kiasi gani. Kwa tundu la fisha namba 6 au 8, wati 600 za kweli zinatosha kabisa. Na rangi ya Makita nayo si ushahidi wa kitu, rangi inaigwa kila siku.

Sasa ninunue nini? Drili moja ya waya, yenye swichi ya kugonga. Basi. Na kugonga nakutaka kwa sababu ya nyumba zetu zenyewe. Ukuta wa tofali za kuchoma unatoboka bila kugonga, tena ukigonga tofali linapasuka na fisha inacheza. Lakini fimbo ya pazia inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha kuna lenta, na lenta ni zege. Hapo drili isiyogonga itapiga kelele tu mpaka biti iwe nyekundu.

Najua mtasema betri ndiyo kisasa, maana umeme unakatika. Kwa fundi anayezunguka saiti zisizo na umeme, nakubali. Wewe una mapazia manne. Umeme ukikatika, subiri, pazia halichachi. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile, na ikifa bila ya kufanana nayo kupatikana mjini, umebaki na toi. Drili ya waya ikiishiwa kaboni, fundi anabadilisha mnaendelea.

Tatu, wapenzi wa mtumba wa Japani. Vile vitu ni imara, kweli. Ila Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, wetu ni 230. Soma kibati kabla ya kutoa hela. Ukichomeka ya volti 100 moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani, unanunua moshi.

Na wanaovuka Nakonde kutafuta bei nafuu: jaribuni mashine palepale, ichomekwe, izunguke, inuseni kama inaungua. Dai risiti. Ukisharudi upande huu, kudai hela yako ni nauli, foleni na maneno.

Hela inayobaki usinunue boksi la vipande mia. Nunua biti tatu nzuri za zege, miwani ya kukinga macho na fisha. Hivyo ndivyo vinavyotundika pazia. Boksi kubwa linatundika sifa tu.

Mwenye ubishi alete hoja, si kelele. Safari njema, tuonane muhula ujao, vidole kumi kumi.