Usilaumu kidole, laumu kifyatulio

Haya wasomaji, leo tuweke kando PHP na Linux tuzungumzie bastola. Usitoroke, ni mambo yetu yaleyale.

Yote yalianza na ubishi kazini. Mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa filamu za Marekani, alisema rivolva ni teknolojia ya babu. Kwake yeye, kutoka rivolva kwenda Glock ni kama kutoka DOS kwenda Windows. Nikamuuliza, je, zile risasi zinazotoka bila mtu kukusudia? Akajibu, "Hilo ni kosa la mtumiaji."

Sentensi hiyo naifahamu sana. Sisi waandishi wa programu huisema kila tunapotengeneza kitu kibaya.

Hebu tuangalie mashine zenyewe. Kifyatulio (triga, kama wengi tunavyokiita) cha rivolva ya aina waliyobeba polisi wa Marekani kwa miaka mingi hufanya kazi mbili kwa mvuto mmoja: kinainua nyundo huku kikizungusha silinda, kisha kinaiachilia nyundo ipige risasi. Kazi hiyo inahitaji nguvu ya takriban kilo 4.5 hadi 5.5, na kidole kinasafiri mbali. Hakuna kitufe cha usalama ubavuni. Safari hiyo ndefu na nzito ndiyo usalama wenyewe. Na mvuto wa kwanza ni sawa na wa sita.

Kweli, rivolva nyingi zina njia ya pili. Ukiikoki nyundo kwa kidole gumba, kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Polisi wa Los Angeles na New York waliona hatari yake, wakaishia kutumia rivolva zisizoweza kukokiwa hivyo. Walifuta kipengele kilichopendwa kwa sababu kilikuwa kinaumiza watu. Ni programu ngapi unazozijua zilizowahi kufanya hivyo?

Bastola za magazini zina tabia tofauti tofauti. Beretta iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1985 ina mvuto wa kwanza mzito, halafu zinazofuata ni vyepesi, yaani kidole kinajifunza mashine mbili ndani ya sekunde moja. Glock iliondoa utata huo kwa kufanya kila mvuto uwe sawa. Hapo naipa heko. Lakini mvuto wenyewe ni kama kilo 2.5 tu, safari yake ni kama sentimita moja na kidogo, na usalama wa nje ni kijiulimi kilicho juu ya kifyatulio hichohicho. Kidole kikigusa pale, kimeshafungua kufuli.

Sasa njoo Washington. Polisi wa jiji hilo walihamia Glock mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba katika muda wa miaka kumi risasi zilitoka bila kukusudiwa zaidi ya mara 120. Askari 19 walijipiga wenyewe au kupiga wenzao.

Jambo moja linaniuma zaidi kama fundi. Ili kuifungua Glock uisafishe, lazima kwanza uvute kifyatulio. Ukitoa magazini ukasahau risasi moja iliyobaki ndani ya chemba, unaivuta ukidhani iko tupu. Rivolva ukiifungua silinda, unaona kila tundu kwa macho yako, na huhitaji kuvuta chochote. Kitendo kimoja, maana mbili, moja yao ni kuua! Mwanafunzi akiniletea fomu ambayo kitufe cha "Hariri" ndicho pia cha "Futa", namrudisha akaanze upya.

Mwenzangu alikuwa na jibu: gazeti hilohilo lilionyesha askari wengi hawakuwa wakifanya mazoezi ya shabaha inavyotakiwa. "Unaona?" Naona. Naona kwamba chombo cha kugawiwa maelfu ya watu kinapaswa kuhesabu kuwa baadhi yao hawatafanya mazoezi. Tena hata aliyefunzwa ana mwili. Akijikwaa kwenye ngazi, akishtuka, au akimkamata mtu kwa nguvu kwa mkono wa kushoto, vidole vya mkono wa kulia navyo hukaza bila kuulizwa. Ndiyo maana askari huambiwa kidole kikae nje ya kifyatulio hadi wakati wa kupiga. Sheria nzuri. Lakini sheria iliyo kichwani si sawa na sheria iliyo kwenye chuma.

Kuna waliojaribu kurekebisha kwa njia ya mkato. New York waliporuhusu bastola za magazini mwaka 1993, walitaka kifyatulio kizito kama cha rivolva, hivyo Glock zao zikawekewa springi ya kufikisha karibu kilo 5.4. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walifyatua risasi 16 kumwangusha muuaji mmoja. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Wakosoaji waliilaumu springi ile, kwamba uzito unayumbisha mkono. Siwezi kuwapuuza, kwani kifyatulio kizito kinapunguza shabaha, cha rivolva kikiwemo. Ila kwenye rivolva uzito umesambazwa katika safari ndefu inayoviringika polepole. Ukibandika uzito huo kwenye safari fupi unapata ubishi wa kidole bila onyo lake. Ni kama kuweka dirisha la "Una uhakika?" mara kumi, mtu anabonyeza tu.

Wala sisemi polisi warudi kwenye risasi sita. Mwaka 1986 huko Miami maafisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano ambayo wengi wao walikuwa na rivolva, na kujaza silinda katikati ya moto ni kazi ngumu. Magazini ilishinda kwa haki. Lakini risasi nyingi na kifyatulio chepesi ni mambo mawili, na walionunua cha kwanza wakachukua cha pili bila kukihoji.

Mimi niliwahi kufuta jedwali zima la wateja kwa sababu dirisha la majaribio na la kazi halisi yalifanana rangi. Mkubwa wangu alisema ni kosa la mtumiaji. Siku iliyofuata nililipaka dirisha la kazi halisi rangi nyekundu, na bado liko hivyo.