Mbwa asiye na kamba

Husemwa kwamba sisi Watanzania hatupendi mbwa, tunawatumia tu. Anayesema hivyo aende Ifakara, bonde la Kilombero, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa awatazame watoto: kamba ya katani mkononi, mbwa amekaza miguu ya mbele vumbini, mtoto akimbembeleza kwa jina lake. Mbwa huyo hajazoea kufungwa. Usiku hulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori, mchana huzurura. Kuzurura si kutelekezwa. Kazi ya pamoja nayo hujenga mapenzi, hata pasipo banda wala chakula cha dukani.

Mtu atauliza, mbona mbwa wengine hawapelekwi kuchanjwa? Kweli, na si jambo dogo: dalili zikishajitokeza mgonjwa karibu hakika hufa, na ili kuudhibiti ugonjwa huu mbwa kama asilimia 70 wanatakiwa wachanjwe. Lakini kituo kikiwa mbali, na mbwa hajui kamba, mwenyewe hukwama kabla swali la mapenzi halijafika. Kuanzia 2010 mbwa wa kusini-mashariki mwa Tanzania, Kilombero ikiwamo, walichanjwa bure, na waliopanga foleni ni hao hao wanaosemwa hawapendi mbwa.